Mtambo wa simu wa hoteli umezeeka, nani atautibu? Maswali yenu na majibu

Hoteli yetu ina mtambo wa Nortel Meridian tangu miaka ya tisini. Vyumba kadhaa vya ghorofa ya pili havina mlio. Kila ninayempigia ananiambia kampuni hiyo haipo tena. Niende wapi? (Meneja, Arusha)

Wanakwambia kweli, Ndugu Meneja. Nortel iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2009, na mwaka huohuo kitengo chake cha simu za ofisi kikanunuliwa na Avaya. Avaya nayo imeshapita mahakamani kwa shida za madeni mara mbili, 2017 na 2023. Kwa hiyo mtengenezaji msahau. Unayemhitaji ni fundi wa kujitegemea aliyefunga mitambo hii enzi zake, na wapo, ingawa wengi wanakaribia kustaafu. Kadi zake, yaani zile bao za saketi zinazochomekwa ndani ya mtambo, bado zinauzwa mtandaoni zikiwa mtumba. Ukizinunua, chukua mbili.

Kabla hujampigia, fanya kazi ya nusu saa. Andika namba za vyumba vilivyokufa, kisha tazama namba za bandari zake (matundu ya laini, kila simu na lake) kwenye mtambo. Kadi ya simu za kawaida za vyumbani kwenye Meridian ina bandari 16. Vyumba vilivyokufa vikiwa vyote vya kadi moja, mgonjwa ni kadi. Kikiwa chumba kimoja tu, anza na simu yenyewe: ihamishie chumba cha jirani. Ikilia huko, shuka kwenye ubao wa Krone, pale waya za vyumba zinapokutana na za mtambo, chomoa jozi ya waya ya chumba kile, shikiza simu ya majaribio upande wa mtambo. Ukisikia mlio, mtambo ni mzima. Waya wa kupanda ghorofani ndio umeliwa na panya au kutu. Piga picha ya kabati la mtambo likiwa wazi, lebo za kadi zisomeke, umtumie fundi kwa WhatsApp. Fundi aliyeona picha hiyo huja na kipuri mkononi. Asiyeiona huja kuangalia, na kuja kuangalia nako kunalipiwa.

Umeme ukikatika, saa ya mtambo inarudi nyuma na wageni wanaamshwa saa tisa usiku. (Mapokezi, Mombasa)

Pole dada, maana wanaotukanwa ni nyinyi. Hiyo mara nyingi ni betri ndogo ya duara kwenye kadi kuu, bei yake ni ya soda chache. Ila msiruhusu mtu aichomoe kabla mipangilio haijahifadhiwa pembeni. Kwenye mitambo mingine betri hiyo ndiyo inayoshikilia kumbukumbu yote umeme ukizimwa. Ukikosea hatua, kesho yake ukipiga chumba 204 anapokea mtu wa jikoni. Halafu wekeni UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika), si kwa kompyuta ya mapokezi peke yake.

Fundi wetu wa zamani aliondoka na nywila. Mwingine anasema turudishe mtambo ulivyotoka kiwandani. Tukubali? (Mwenye hoteli, Zanzibar)

Usikubali haraka. Kurudisha kiwandani ni kufuta namba zote za vyumba, makundi, vizuizi vya simu za nje, kila kitu, na kama hakuna nakala mtakaa siku kadhaa mkipanga upya. Mtafute kwanza yule wa zamani. Mlipe kama kuna deni lake. Mara nyingi ndipo penye ugomvi wenyewe.

Ikilazimu kufuta, jambo la kwanza baada ya hapo ni kubadili nywila ya kiwandani, maana hiyo imechapishwa kwenye vitabu vya maelekezo na wezi wa dakika wanaijua. Huingia kupitia ujumbe wa sauti, au kupitia ile njia inayomruhusu mtu wa nje apige simu kwa kutumia laini zenu. Wanapenda wikiendi na sikukuu, ofisi ikiwa imefungwa, na ankara inakuja na simu za nchi ambazo hamna mgeni hata mmoja kutoka huko. Zimeni njia hizo mbili kama hamzitumii. Nywila mpya iandikwe, iingie bahasha, ikae kwenye sefu ya hoteli.

Tangu tubadilishe kompyuta, gharama za simu haziingii kwenye bili ya mgeni. (Mhasibu, Dodoma)

Mtambo hutoa rekodi ya kila simu kupitia waya wa siriali wa kizamani, na kompyuta mpya hazina tundu lake. Kuna kigeuzi cha USB. Weka kasi ileile ya zamani ya kupitisha data, mara nyingi biti 9600 kwa sekunde. Ila nikuulize: mwezi uliopita mgeni gani alipiga simu ya kulipia kutoka chumbani? Wote wana WhatsApp. Mimi ningefunga simu za kimataifa, za ndani ya nchi ziwe bure, hesabu hiyo niifute.

Tuutupe wote tuhamie simu za intaneti? (Meneja, Mwanza)

Kadi kuu ikifa, ndiyo. Lakini simu za vyumbani na waya wake msing'oe. Kuna vigeuzi vya bandari 24 au 32 vinavyounganisha simu zilezile na seva mpya, na programu ya kuigeuza seva kuwa mtambo wa simu, kama Asterisk iliyoanza 1999, haina ada ya leseni. Ulizeni mapema kama taa ya ujumbe kwenye simu zenu itawaka. Vigeuzi vingine haviiwashi.

Kubwa zaidi ni simu za dharura. Desemba 2013, katika hoteli moja ya mji wa Marshall, Texas, Kari Hunt alishambuliwa na kuuawa. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, mara nne bila kupata mtu, kwa kuwa mtambo ulidai kwanza ibonyezwe 9 ya kupata laini ya nje. Marekani ikatunga sheria yenye jina la mama huyo, na mitambo mipya huko tangu Februari 2020 lazima ipitishe 911 moja kwa moja na kuwaarifu mapokezi. Mwambie fundi wako apange hivyohivyo kwa 112, namba yetu ya dharura: ipite mgeni akiweka tarakimu ya kutokea nje au asipoiweka, na kule mapokezi ionekane imetoka chumba gani. Usimlipe mpaka mmejaribu pamoja, baada ya kuwataarifu polisi kuwa ni majaribio.