Dizeli au petroli? Majibu kwa wenye pikapu wa Kusini

Msimu wa korosho ukikaribia, simu yangu haipoi. Wanaotafuta pikapu wote wanaanza na swali lile lile, dizeli au petroli, kana kwamba gari ni injini tupu. Nimekusanya maswali sita. Nimeyafupisha, maana wengine wameandika ndefu kama barua ya posa.

Mkulima, Kitangari: *Shikamoo fundi. Nina magunia 15 ya korosho, kilo 80 kila moja, nayavuta kwa tela kutoka shambani hadi ghala la chama. Nimeonyeshwa Hilux mbili: petroli ya 2.7 na dizeli ya 3.0. Nichukue ipi?*

Marahaba. Kwa kazi hiyo chukua dizeli. Ile petroli inatoa nguvu ya kuvuta kama niutoni-mita 240, na ili uzipate zote lazima injini ipige kelele karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika. Dizeli ya 3.0, ile ya 1KD, inakupa 343 kuanzia mizunguko 1,400, yaani mguu ukiwa bado haujakolea. Siku ukisimamishwa katikati ya mlima, mbele lori limekwama, nyuma una magunia 15, utaijua tofauti. Mwenye petroli anaunguza klachi, harufu inafika hadi kwa jirani. Mwenye dizeli anaondoka taratibu kama anakwenda msibani.

Ila hukuniuliza la maana zaidi. Magunia hayo ni kilo 1,200, tela lenyewe hujalihesabu. Pikapu za ukubwa huo kwa kawaida zinaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu iwapo tela halina breki zake. Na matela ya huku tunayajua: ekseli ya gari iliyokufa, vyuma vya kuchomelea, rangi ya bluu, breki hakuna. Kupanda utapanda. Kushuka je?

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya kwamba dizeli inajizuia yenyewe mteremkoni. Injini ya petroli ukiachia mguu, njia ya hewa inajibana, pistoni zinahangaika kuvuta, gari inashikwa. Dizeli haiendeshwi kwa kubana hewa namna hiyo. Inaikandamiza hewa, halafu hewa ile ile inaisukuma pistoni irudi. Kwa hiyo ingiza gia ya pili kabla hujaanza kushuka, usisubiri breki zinuke. Magunia mazito yaegemee mbele ya ekseli ya tela kidogo, ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito ikae kwenye ndoano. Ukijaza nyuma, tela linatikisa mkia na kuinua tako la gari. Na mpaka utakapofunga breki, nenda safari tatu. Korosho hazitakimbia.

Mfanyabiashara wa samaki, Msimbati: *Dizeli ni nzito mbele. Si itazama mchangani?*

Dada, kinachozamisha ni upepo wa tairi. Injini ya dizeli kweli ni nzito kuliko ya petroli, lakini nimeona petroli zikifukiwa hadi kwenye ekseli na dizeli ikipita pembeni yake inapiga honi. Punguza upepo hadi PSI 18 hivi, tairi ilale iwe ndefu kama nyayo za ngamia, ingiza foo wili kabla ya mchanga, na usikanyage breki; achia mguu, mchanga utakusimamisha wenyewe. Kwenye mchanga mlaini petroli hata ina raha yake, inapanda mizunguko haraka na kukuvusha. Ukirudi kwenye lami jaza upepo tena, la sivyo tairi zitachemka. Na osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ya bahari inakula chasisi bila kuuliza inatumia mafuta gani.

Dereva, Liwale: *Ni kweli dizeli inapita kwenye maji bila wasiwasi?*

Niliamini hivyo masika ya mwaka 1998, yale ya El Niño, njia ya Nachingwea kwenda Liwale. Dizeli haina plagi wala koili za kulowana, ndiyo maana ilipata sifa hiyo. Nikaingia korongoni kwa kifua mbele. Maji yakafika kwenye boneti, ikasikika "ko!" moja tu, kimya. Tulipoivuta nje, utingo akapiga stati tena kabla sijamkataza. Nilipokuja kufungua nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, na kuizungusha injini, maji yaliruka juu kama nyangumi anapumua, na koni rodi moja, ule mkono unaoshika pistoni, ilikuwa imepinda kama ndizi.

Hewa inakandamizika, maji hayakandamiziki. Dizeli inabana hewa kwa kiwango kikubwa kuliko petroli, hivyo ikimeza maji inaumia vibaya zaidi. Kinachosaidia ni mkonga, lile bomba linalopandisha mdomo wa hewa juu, na mkonga wenyewe usiwe pambo: nimewahi kukuta uliofungwa nje kwa urembo, huku ndani bomba la hewa bado linanusa chini. Kama injini imezimika majini, usipige stati. Ivute, fungua nozeli au plagi, toa maji kwanza.

Mama wa duka, Mtwara mjini: *Napeleka bidhaa Shangani na Mikindani tu. Mume wangu anataka dizeli.*

Petroli. Safari fupi, mzigo wa soda na unga, fundi yeyote ataitengeneza. Nozeli za dizeli za kisasa zikiharibika, bei yake itamfanya shemeji akae kimya wiki nzima.

Mkulima, Nachingwea: *Kijijini tunanunua dizeli ya madumu. Gari inakohoa. Je, imechakachuliwa?*

Huenda. Uchakachuaji ulisumbua nchi nzima hadi EWURA, wasimamizi wa nishati, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010. Lakini dumu likishafika kijijini hakuna anayelipima. Chukua chupa ya maji iliyo safi na kavu, jaza dizeli, iache mezani usiku kucha. Asubuhi ukiona mstari chini, hayo ni maji. Ukiona vumbi limetulia, ni uchafu wa dumu. Dizeli za zamani kama 1HZ ya Land Cruiser zinavumilia uchafu kuliko hizi za presha kubwa, ndiyo maana huko porini hawaziachi. Toa maji kwenye chujio mara kwa mara, ina kikoki chake chini.

Na siku mhudumu wa sheli akikutilia petroli kwenye dizeli, usiguse hata swichi. Pampu inalainishwa na dizeli yenyewe. Petroli inaosha ulaini ule, chuma kinasagana na chuma. Sukuma gari pembeni, tangi limwagwe.

Kijana, Madimba: *Mzee, gesi inatoka hapa kwetu. Nikinunua petroli nikafunga mtungi, si nitakuwa nimewapiga bao wenye dizeli?*

Mwanangu, kwa mafuta utaokoa, na petroli ndiyo inayokubali gesi kirahisi kuliko dizeli. Ila vituo vingi vya kujazia viko Dar es Salaam, na mtungi ni mzito, unakula nafasi ya mzigo. Ukitembea na gesi nguvu nayo inapungua kidogo, jambo ambalo kwenye tambarare hulioni ila mlima wa Newala utakukumbusha. Kabla ya kufunga, nenda ulikopanga kujaza, uulize saa za kufungua na foleni yake. Ukirudi niambie, nami nina kipikapu cha petroli kinanisumbua.