Kilevi cha kwanza hutoka mkono wa karibu

Mzazi wa huku Kirumba, Mwanza, akigundua mwanawe anavuta bangi, husema ni makundi. Mimi nimelea watoto wa marehemu kaka yangu nikianika dagaa hapa mwaloni, na ninayoyaona ni mengine. Mara nyingi anayempa mtoto kilevi cha kwanza ni mtu mzima ambaye mtoto huyo humwamkia shikamoo kila siku.

Kijana wa miaka kumi na minne anaingia kwenye mtumbwi wa dagaa jioni. Usiku upepo wa ziwani una baridi kali, nahodha anampitishia kichupa, "piga kidogo upate joto." Joto lenyewe ni la uongo. Pombe hupanua mishipa ya damu ya ngozini, joto la mwili likatoka upesi zaidi, naye mtoto yuko juu ya maji. Mwingine anapewa bangi asiogope mawimbi. Alfajiri analipwa taslimu mkononi, na hakuna anayemuuliza pesa imekwenda wapi.

Halafu inakuja mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa kuvutwa na taa, kwa hiyo mwezi ukiwaka wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo kijana ana pesa, hana kazi, na shule alishaizoea kuikosa. Mzazi mwenzangu, siku hizo ndizo za kufungua macho.

Hata nyumbani tunachangia. Baba anamtuma mtoto bia, mtoto anarudi nayo, na mwenye duka hasemi kitu, ingawa Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe na sigara. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017 tukashangilia, lakini vichupa vidogo vya pombe kali bado viko kwenye vioski, na bei yake haimshindi mtoto aliyebeba ndoo mbili za dagaa.

Jambo linaloniuma zaidi ni huzuni. Baba wa hawa watoto ninaolea alipofariki, mkubwa wao alianza kuvuta bangi ili apate usingizi. Hayo aliniambia mwenyewe, baada ya jioni nyingi za kuchambua dagaa pamoja bila mimi kumuuliza chochote kuhusu bangi. Kama ningeanza na fimbo, hilo la usingizi nisingelisikia kamwe.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Asiyefika miaka kumi na minane asilale ziwani. Zipo kazi za mchana za kuanika na kupakia. Mwombe anayemlipa akupe wewe hiyo pesa, au amlipe mtoto mbele yako. Nenda ukaongee na tajiri wa mtumbwi na mwenye kioski uso kwa uso, ukiwa na mzazi mwingine. Wanakasirika, najua, lakini wanakumbuka sura yako.

Na aliyekwisha kuzama kwenye kilevi usimfukuze, maana akitoka kwako atakwenda kulala kwa hao hao wanaompa. Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uelekezwe. Ila ujue dawa ya methadoni ni ya kuwatibu waliozoea heroini na jamii yake. Haimtibu aliyezoea bangi au pombe. Kwa hivyo anahitaji ushauri nasaha wa muda mrefu, na mtu wa nyumbani wa kumsindikiza kila anapokwenda.