Maswali na majibu: Walinzi wa ubongo

Shikamoo daktari. Shuleni tunafundishwa chembe nyeupe za damu ndizo zinazotulinda. Na ubongo je?

Marahaba mwanangu. Ubongo una walinzi wake, wanaitwa mikroglia. Mhispania Pío del Río-Hortega ndiye aliyewapa jina hilo mwaka 1919. Hawatoki kwenye uboho wa mifupa kama chembe nyeupe za damu. Huzaliwa kwenye kifuko kilichoungana na kiinitete, wakahamia kichwani mimba ikiwa bado changa kabisa. Na hawalali. Mwaka 2005 watafiti waliparua fuvu la panya hai mpaka likawa jembamba, wakachungulia: kila seli ilikuwa ikinyoosha na kukunja vitawi vyake, inapapasa huku na huku. Mshipa mdogo ulipojeruhiwa kwa leza, dakika chache tu vitawi vilikwishauzingira.

Mtoto mchanga asiyeumwa, seli hizo zinamfanyia nini?

Zinapogolea. Ubongo mchanga huotesha viungio vya neva vingi kupita mahitaji. Kwa panya imeonekana kuwa viungio vinavyotumika kidogo hubandikwa protini ziitwazo C1q na C3, kisha mikroglia huvimeza. Vinavyobaki hupata nguvu, kama mbuni uliopunguzwa matawi.

Bibi yangu ana miaka 81. Kila jioni anamwita babu aje kula, na babu alishafariki. Majirani wanasema karogwa.

Pole sana. Bibi hajarogwa. Mpelekeni apimwe, maana upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo pia huleta usahaulifu, na hivyo vinatibika. Ikiwa ni ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu polepole uzeeni, protini ya amiloidi hurundikana ubongoni. Mikroglia huizunguka na kuitafuna, lakini zikizidiwa humwaga kemikali zinazoumiza neva, na kwa panya zimeonekana zikimeza hata viungio vizima. Ni kazi ileile ya utotoni, imekuja wakati si wake. Wapo waliorithi badiliko moja la jeni ya TREM2, ambayo mikroglia huitegemea katika kazi yao, nao hatari yao ya kupata Alzheimer huongezeka mara mbili hadi nne.

Akimwita babu, nakuombeni msimkumbushe kila mara kwamba alikufa. Kwake huo ni msiba mpya kila jioni. Mwulizeni babu alipenda kula nini.

Basi kwa nini seli hizo zisiuawe kwa dawa?

Kwa sababu tunazihitaji. Wanaozaliwa na nakala zote mbili za TREM2 zilizoharibika hupata maradhi ya mifupa na kupoteza kumbukumbu wangali na miaka 30 au 40 hivi.