Kwa wanaoanza kuandika maisha ya wachezaji wa kale: niliyojifunza kwa Ross Barnes

Wasifu wa kwanza niliouandika wa mchezaji wa besiboli ulikuwa wa Ross Barnes, na katika aya ya nne nilimpeleka Uingereza. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1878 alichezea klabu ya Tecumsehs ya London, nikaongeza kwa kujiamini kabisa kwamba alivuka bahari ili kuwafundisha Waingereza mchezo wa Wamarekani. London hiyo iko Ontario, Kanada. Msomaji mmoja aliniandikia maneno machache tu, "Ndugu mwandishi, tazama ramani," na tangu siku hiyo sijaandika jina la mji bila kwanza kuhakikisha uko nchi gani.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii ya kuwaeleza wasomaji wa Kiswahili maisha ya wanamichezo wa karne ya 19, kwa sababu naona wengi wenu mnaanza pale pale nilipoanzia mimi, yaani kwenye jedwali la takwimu. Jedwali huvutia kwa kuwa linaonekana limekwisha kufanya kazi yote: miaka iko upande mmoja, mechi na mapigo upande wa pili, nawe umebakiwa na kuunganisha kwa sentensi. Ninachotaka mkikumbuke ni kwamba nyuma ya kila tarakimu ya mchezaji wa kale yupo mtu aliyehesabu, na alihesabu kwa kanuni ambazo huenda zilibadilika mwaka uliofuata. Asiyezijua kanuni hizo atanakili kwa usahihi jambo asilolielewa.

Barnes mwenyewe alizaliwa mwaka 1850 katika jimbo la New York, akakulia Rockford, Illinois, ambako alicheza na kijana mwenzake Albert Spalding katika klabu ya Forest City. Tarehe 25 Julai 1867, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwamo katika kikosi kilichowashinda Nationals wa Washington kwa pointi 29 kwa 23 mjini Chicago, na hiyo ndiyo mechi pekee ambayo Nationals walipoteza katika ziara yao yote. Mwaka 1871 Harry Wright, meneja wa klabu ya Boston, aliwachukua vijana hao wawili kwenda Boston, na kuanzia 1872 hadi 1875 Boston ikawa bingwa miaka minne mfululizo. Kisha wachezaji wanne wa Boston, Barnes na Spalding wakiwamo, walikubaliana na klabu ya Chicago kuhamia huko msimu wa 1875 ukiwa bado unaendelea, na mwaka 1876, ambao ulikuwa wa kwanza wa National League, Chicago ikatwaa ubingwa kwa kushinda mechi 52 na kupoteza 14. Sehemu hii ya maisha yake haina mtego mkubwa, nanyi mnaweza kuiandika haraka. Mitego inaanza mnapofika kwenye takwimu za mwaka huo wa 1876.

Chukueni kalamu. Mwaka huo Barnes alipata mapigo safi 138, yaani yaliyomfikisha salama kwenye beisi, vile vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia uwanjani. Vitabu vya leo vinaandika kwamba wastani wake, yaani mapigo safi yakigawanywa kwa zamu za kupiga, ulikuwa 0.429, wakati machapisho ya zamani yanaandika 0.404, na mwandishi mgeni akikutana na tofauti hiyo hudhani kwamba mmoja wao amekosea. Hakuna aliyekosea. Mpigaji akirushiwa mipira mibaya ya kutosha hupewa beisi ya kwanza bila kupiga, na Barnes alipewa beisi hiyo ya bure mara 20. Leo nafasi hizo hazihesabiwi kuwa zamu za kupiga, hivyo tunagawa 138 kwa 322 na kupata 0.429. Waliohesabu mwaka 1876 waliziingiza miongoni mwa zamu zake, kana kwamba alisimama pale akashindwa, kwa hiyo walizigawa 138 hizo hizo kwa 342 na kupata 0.404. Mimi nilitumia jioni nzima nikitafuta kosa la chapa ambalo halikuwapo, ilhali hesabu ya kugawa ingenimalizia jambo hilo kwa dakika mbili. Tangu hapo, kila ninapoona wastani wa mtu wa kale, naugawa upya kwa mkono wangu mwenyewe kabla ya kuuandika.

Mtego wa pili ulikuwa wa lugha, na huu sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunao peke yetu. Sifa kubwa ya Barnes ilikuwa aina fulani ya pigo ambalo kanuni za wakati wake ziliruhusu. Mistari miwili hutoka mahali anaposimama mpigaji, mmoja ukipita beisi ya kwanza na mwingine ukipita beisi ya tatu, na mpira unaokwenda nje ya mistari hiyo hauhesabiwi. Kabla ya 1877, hata hivyo, kilichoangaliwa kwa mpira wa chini ni mahali ulipogusa ardhi mara ya kwanza. Barnes aliinamisha gongo lake kwa namna ambayo mpira uligonga ardhi karibu na miguu yake, ndani ya mstari, kisha ukajizungusha na kuserereka nje kuelekea kwa watazamaji, na wakati mlinzi wa beisi ya tatu anaukimbilia huko pembeni, Barnes alikuwa amekwisha kufika beisi ya kwanza au hata ya pili. Katika rasimu yangu niliandika kwamba alikuwa hodari wa "kupiga faulo", na nikashangaa rafiki yangu aliponiuliza kwa nini tumsifu mtu aliyecheza rafu. Faulo kwetu ni kumkwatua mtu, na neno likishakaa kwenye soka miaka yote hiyo haling'oki kwa sababu wewe unaandika juu ya mchezo mwingine. Siku hizi naandika "mpira wa ndani" na "mpira wa nje", naeleza mistari mara moja, kisha naendelea. Vivyo hivyo nasema mrushaji, mpigaji na mdakaji, na beisi naiacha ilivyo kwa kuwa hakuna anayeisumbukia.

Sasa nifike mahali penye ugumu wa kweli. Kwa msimu wa 1877 kanuni ilibadilishwa: mpira wa chini ulitakiwa uwe bado ndani ya mstari unapopita beisi ya kwanza au ya tatu. Pigo la Barnes likawa limekufa kwa maandishi. Mwaka huo huo wastani wake ulishuka hadi 0.272, na Chicago ikaanguka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tano. Nilipoyaona haya yamepangana nilifurahi mno, maana hadithi ilikuwa imejiandika yenyewe: kanuni ilibadilika, bingwa akaanguka. Niliiandika hivyo, na wengi walikuwa wameiandika hivyo kabla yangu.

Lakini katika jedwali lile lile, safu mbili tu kushoto, palikuwa na tarakimu niliyoiruka. Barnes alicheza mechi 22 tu mwaka 1877, katika msimu wa mechi zipatazo 60. Mtu hakosi thuluthi mbili za msimu kwa sababu kanuni ya pigo imebadilika. Alikuwa mgonjwa, na maelezo ya wakati ule yanataja homa ya kutetemeka, ile inayoondoka na kurudi, ambayo msomaji wa pwani au wa kandokando ya Ziwa Victoria haelezwi. Homa za namna hiyo zilikuwa za kawaida katika mabonde ya mito ya Marekani karne ile. Hapa nawaomba mjizuie. Kishawishi cha kuandika "malaria" ni kikubwa, hasa kwetu, lakini Alphonse Laveran alikiona kimelea cha malaria kwa mara ya kwanza mwaka 1880 huko Aljeria, kwa hiyo daktari wa Chicago mwaka 1877 hakuwa na njia ya kulithibitisha hilo. Andikeni homa iliyoandikwa, na mwacheni msomaji afikirie mwenyewe.

Je, ni kanuni au ni homa? Baada ya mwaka ule wa Tecumsehs, alirudi National League na Cincinnati mwaka 1879 akapata wastani wa 0.266, kisha Boston mwaka 1881 akapata 0.271. Anayeilaumu kanuni atasema takwimu hizi ndizo kiwango chake halisi pigo lile lilipoondolewa. Anayeilaumu homa atajibu kwamba mwili wake haukurudi kamwe katika nguvu zake, na ataongeza kwamba mwaka 1876 Barnes alipiga mapigo 14 ya kufika beisi ya tatu, mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika ligi, na mapigo kama hayo huhitaji nguvu na mbio, si ujanja wa pembeni peke yake. Mimi naegemea upande wa homa, ingawa si kwa uzito wote. Katika wasifu niliousahihisha niliziweka sababu zote mbili kwenye sentensi moja, na mechi 22 nikazitanguliza kabla ya wastani, ili msomaji asije akahukumu kabla ya kujua.

Ugonjwa huo unafungua pia suala la fedha, ambalo waandishi wapya hulipita kana kwamba wachezaji wa kale walicheza kwa mapenzi matupu. Klabu ilimkata Barnes mshahara kwa muda aliokuwa hawezi kucheza, naye akaishtaki, na mahakama ikaamua kwa faida ya klabu. Ukitafuta habari kwenye kurasa za michezo pekee, jambo hili unaweza kulikosa. Someni mikataba, someni kesi, na kwa miaka ya kabla ya 1869 muwe macho zaidi, kwa kuwa malipo yalikuwa yamekatazwa hadharani na kutolewa kwa mlango wa nyuma: kijana aliajiriwa dukani kwa mshahara ambao hakuna karani mwingine angeupata, na kazi yake halisi ilikuwa uwanjani. Spalding mwenyewe aliitiwa Chicago kwa ajira ya namna hiyo kwenye duka la jumla. Ukiona mchezaji wa wakati huo ameandikwa "karani", usiharakishe kumsifu kwa kuchanganya kazi na michezo.

Limebaki swali ambalo mtaulizwa na kila mhariri: wastani wake wa maisha yote ni upi? Ukijumlisha kila kitu tangu 1871, ni 0.360. Ukihesabu National League peke yake, ni 0.319, kwa sababu uongozi wa besiboli ya Marekani hauitambui ligi aliyoichezea Boston, National Association ya 1871 hadi 1875, kuwa ligi kuu. Mimi huandika zote mbili na kutaja ligi, hata mhariri akilalamika kwamba jedwali limekuwa pana. Kwa Barnes tofauti hiyo ina uzito wa pekee. Ili mchezaji afikiriwe kuingia katika Jumba la Mashuhuri wa besiboli huko Cooperstown, New York, anatakiwa awe amecheza misimu 10. Ukimhesabia Boston, Barnes ana misimu tisa. Usipomhesabia, ana minne. Alifariki Chicago mwezi Februari 1915, miaka mingi kabla jumba hilo halijafunguliwa, na jina lake halimo humo hadi leo.