Sindano za kabureta ya nitro: kwa anayeanza

Swali ambalo wengi wenye gari jipya la rimoti la nitro huuliza ni hili: nizungushe sindano (skrubu za kabureta zinazopima mafuta yanayoingia kwenye injini) mara ngapi? Namba ya kijitabu cha kiwandani ni mahali pa kuanzia tu. Hewa ya leo si ya jana, plagi huchakaa, na kila chupa ya mafuta ina tabia yake. Jifunze kazi ya kila sindano na dalili zake. Namba itajipata yenyewe.

Kwanza yajue mafuta yako. Ni methanoli, nitromethani (kwa magari mara nyingi asilimia 16 hadi 30) na oili iliyokwisha kuchanganywa humo. Injini hizi ndogo hazina oili nyingine ya kulainisha pistoni. Kwa hiyo ukipunguza mafuta umepunguza oili, na umepunguza pia methanoli inayoipoza injini. Hapo ndipo injini nyingi za wanaoanza hufia. Mafuta yakizidi gari litakuwa zito, litatoa moshi kama jiko la kuni mbichi na kuchafua plagi, lakini utapata nafasi ya kurekebisha. Yakipungua, dakika chache zinatosha kukwangua silinda. Ukiwa na shaka, elekea upande wa mafuta mengi.

Usishike bisibisi kabla ya kukagua haya: chujio la hewa ni safi na limepakwa oili yake, mpira wa mafuta hauna tundu, na mpira mwembamba unaotoka kwenye ekzosi kwenda kwenye tangi umechomekwa vizuri. Huo mpira wa pili ndio unaosukuma mafuta kwa presha ya moshi. Ukivuja, utazungusha sindano mpaka jioni bila kupata kitu. Plagi nayo haitoi cheche. Ina kijiwaya chenye platini kinachowashwa kwa betri mwanzoni, kisha methanoli na mgandamizo wa silinda hukifanya kiendelee kuwaka. Kijiwaya kikiwa kimepinda au kimefifia, badilisha plagi kabla ya kuilaumu kabureta.

Halafu endesha gari taratibu hadi injini ipate moto kamili. Silinda za injini nyingi za aina hii zimebanwa kidogo upande wa juu na hukaa sawa zikiwa na joto. Kabureta iliyorekebishwa injini ikiwa baridi itakudanganya.

Anza na sindano ya kasi kubwa, kwa sababu katika kabureta nyingi mafuta yote hupitia hapo kwanza. Ukiigusa, sindano ya chini (ya kasi ndogo) nayo inabadilika. Kuzungusha kulia hupunguza mafuta, kushoto huongeza. Zungusha kidogo sana, nafasi ya dakika tano kwenye uso wa saa, kisha vuta mafuta yote (bana kitufe cha mwendo cha rimoti hadi mwisho) kwenye eneo refu lililonyooka na utazame. Unataka gari lipande kasi bila kusita na mstari mwembamba wa moshi ubaki nyuma yake hata kwenye kasi ya juu kabisa. Sauti ikiwa kali, moshi umepotea na gari linapoteza nguvu mwishoni mwa mbio, fungua sindano papo hapo. Wengi huipenda sana hiyo sauti kali. Ni ya injini inayoungua.

Kipimajoto kikielekezwa kwenye plagi, nyuzi 90 hadi 120 za Selsiasi ni kawaida, ila joto peke yake halitoshi kukuongoza. Moshi na mwendo vina neno kubwa zaidi.

Sindano ya chini hutawala kuanzia sailensi (injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta) hadi kitufe kikibanwa karibu nusu. Acha injini ingurume yenyewe, kisha bana mpira wa mafuta karibu na kabureta. Mlio ukipanda kidogo na injini ikazima baada ya sekunde mbili hadi nne, uko vizuri. Ikizima mara moja, mafuta ni machache. Ikichukua muda mrefu huku mlio ukipanda sana, ni mengi mno.

Skrubu ya sailensi iguswe mwisho. Wanaoanza huitumia kuficha kosa la sindano ya chini: injini inazima, wanapandisha sailensi, klachi inaanza kushika na gari linatembea lenyewe. Ukiachia kitufe na mlio ukabaki juu kwa muda, sindano ya chini ni kavu (inatoa mafuta machache mno) au hewa inaingia pasipotakiwa: shingo ya kabureta, kifuniko cha nyuma, au beringi ya mbele. Injini isiyojibu sindano kwa mpangilio, tafuta uvujaji kwanza.

Mwinuko nao usiupuuze. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Gari lililorekebishwa huko likipelekwa Mombasa litakutana na hewa nzito zaidi kwa mafuta yaleyale, yaani litakuwa kavu. Fungua sindano kabla ya kuwasha. Anayepanda kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha atafunga kidogo, akishaonja mwendo.

Methanoli ni sumu, na moto wake hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo usimimine mafuta karibu na kitu kinachowaka. Pia hunyonya unyevu. Ukimaliza, mwaga mafuta ya tangi, washa injini iyamalize yaliyobaki kwenye mipira, tia matone ya oili ya kuhifadhia, kisha zungusha gurudumu la injini kwa mkono mpaka pistoni ishuke chini. Ikipoa ikiwa juu, silinda huibana, na kesho utahangaika kuiwasha.