Maswali ya Wasomaji: Bunge la North Dakota Huchaguliwaje?

Toleo lililopita tuligusia chaguzi za mabunge ya majimbo ya Marekani, tukatoa mfano wa North Dakota, jimbo la mashamba ya ngano na alizeti. Kwa sensa ya 2020 lilikuwa na watu 779,094, kama robo tu ya watu wa Mkoa wa Dodoma, ilhali eneo lake linazidi mara nne ya mkoa wetu. Tulisema pia kwamba kila wilaya ya uchaguzi kule inapeleka watu watatu bungeni. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, kwa hiyo tumechukua zile zinazoweza kuwafaa wengi.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nafundisha Uraia na wanafunzi wamenibana. Hao watatu wanapatikanaje kwa karatasi moja? Nimeona pia matokeo ambayo mshindi ana asilimia 31 tu. Ameshindaje?
*Mwalimu, Kondoa*

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Jimbo limegawanywa katika wilaya 47 za uchaguzi, kila moja ikikadiriwa kuwa na wakazi 16,576. Kila wilaya hutoa seneta mmoja na wawakilishi wawili, ndiyo maana Seneti ina viti 47 na Baraza la Wawakilishi viti 94. Wote hukaa miaka minne.

Kwa useneta mpiga kura anachagua jina moja. Kwa uwakilishi majina yote yamepangwa katika kundi moja, na maelekezo yanasema chagua wasiozidi wawili. Hakuna kiti cha kwanza wala cha pili; wagombea wote wanashindana kwa pamoja na wawili wanaoongoza ndio wanaoingia. Vyama vikubwa viwili vikisimamisha wawili wawili, karatasi inakuwa na majina manne.

Sasa hizo asilimia. Zinapigwa kwa jumla ya kura, si kwa idadi ya watu waliopiga kura, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Tuseme wamejitokeza watu 5,000. Wote wakitumia kura zao mbili zitapatikana kura 10,000, ila kwa kawaida wapo wanaochagua mmoja tu, kwa hiyo tuchukue 9,200. A amepata 2,900, B 2,600, C 2,000 na D 1,700. Gazeti litaandika A asilimia 31.5, na msomaji atadhani amekataliwa na theluthi mbili ya watu. Kumbe watu 2,900 kati ya 5,000 wamemchagua, yaani asilimia 58. Kila uonapo matokeo ya viti viwiliviwili, tafuta kwanza idadi ya waliopiga kura ndipo useme nani anapendwa.

Mfano huohuo unaonyesha kwa nini wapo wanaoacha kura ya pili bila kuitumia. Chukua wafuasi wa C ambao kura yao ya pili walimpa B kwa ujirani tu. Kama 650 kati yao wangeizuia, B angebaki na 1,950, na C angepita kwa kura 50. Kura yao ya pili ndiyo iliyomwangusha mtu wao. Sheria inaruhusu kabisa kuchagua mmoja, na makampeni yanayomtegemea mgombea mmoja mwenye nguvu huwaelekeza wafuasi wafanye hivyo.

Kosa linaloharibu kura ni kujaza viduara vitatu kwenye nafasi ya wawili. Hapo kura zote za nafasi hiyo zinapotea, ila nafasi nyingine kwenye karatasi zinabaki salama. Kituoni mashine ya kusoma karatasi hutoa onyo na mpiga kura anaweza kurekebisha. Aliyepiga kura kwa posta akiwa mezani kwake hana wa kumwonya.

Liko jambo moja la pembeni. Mwaka 2021 wilaya ya 4 iligawanywa kuwa 4A na 4B kwa wawakilishi peke yao, ili Wenyeji wa Marekani (wazawa waliokuwapo kabla ya Wazungu) wa eneo la Fort Berthold wapate nafasi ya kumchagua mtu wao badala ya kumezwa na wengi. Huko kila kipande kinachagua mwakilishi mmoja, na seneta wanamchagua pamoja.

Kwa zoezi la darasani, wape wanafunzi wagombea wanne na kura mbili kila mmoja, mhesabu. Kisha rudieni kwa kura moja kila mmoja. Mara nyingi mshindi wa pili hubadilika, na hapo hutahitaji maelezo marefu.

SWALI: Mdogo wangu anaishi Fargo na ameapishwa kuwa raia wa Marekani. Anasema hajaona mahali pa kujiandikisha kupiga kura. Je, amechelewa?
*Mama wa Area C, Dodoma mjini*

JIBU: Hajachelewa, mama. North Dakota ndilo jimbo pekee la Marekani lisilo na uandikishaji wa wapiga kura. Liliufuta mwaka 1951. Sisi tuliozoea Daftari la Kudumu tunaona kama kuna kitu kimesahaulika, lakini kazi ya daftari kule inafanywa na kitambulisho.

Anatakiwa awe raia, awe na miaka 18, na awe ameishi katika eneo la kituo chake siku 30 kabla ya uchaguzi. Siku ya kura anaonyesha leseni ya udereva ya jimbo hilo, au kitambulisho cha jimbo kwa wasio madereva, au cha kabila kwa Wenyeji wa Marekani. Kitambulisho kiwe na vitu vitatu: jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya makazi ya sasa. Asiye na leseni anapewa kitambulisho cha jimbo bila malipo.

Linalokwamisha watu ni anwani. Sanduku la posta halikubaliki, lazima ijulikane nyumba iko wapi. Kwenye maeneo ya Wenyeji wa Marekani, ambako nyumba nyingi hazikuwa na majina ya mitaa na watu walipokea barua kwa sanduku, sharti hili lilizua kesi kubwa mahakamani mpaka makubaliano yakafikiwa mwaka 2020. Anayeelewa kwa nini hapa kwetu zimebandikwa namba kwenye milango kwa ajili ya anwani za makazi atalielewa tatizo lile haraka.

Kama mdogo wako amehama na leseni bado ina anwani ya zamani, aende na nyongeza inayoonyesha makazi mapya: bili ya umeme au maji, taarifa ya benki, hati ya mshahara au hati ya serikali. Akifika hana kabisa, asigeuze kurudi nyumbani. Aombe kura ya kutengwa: anapiga, karatasi yake inawekwa kando kwenye bahasha, halafu anapeleka kitambulisho kabla bodi ya kuhakiki matokeo haijakaa. Asipopeleka, haihesabiwi.

Mengine mawili mama, umwambie kwa mkazo. Kama leseni yake aliipata kabla ya kuapishwa, aende akairekebishe mapema, maana kumbukumbu za idara ya usafirishaji zinaweza kuwa bado zinamtaja kama mgeni. Na kama nyumbani kwake yupo mwenye kadi ya ukazi wa kudumu tu, huyo asiguse karatasi ya kura hata akikaribishwa. Ni kosa la jinai, na linaweza kumfukuzisha nchini.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Kwetu mgombea ubunge lazima adhaminiwe na chama, anachukua fomu, anatafuta wadhamini, anarudisha. Kule mtu anaanzia wapi?
*Kijana wa Mlali, Kongwa*

JIBU: Ndugu yetu, kule kuna milango mitatu.

Wa kwanza ni mkutano wa chama wa wilaya ya uchaguzi, unaofanyika mapema mwaka wa uchaguzi. Wanaohudhuria wanapiga kura, na anayependekezwa anapewa cheti. Wa pili ni saini: mgombea anakusanya saini za wapiga kura wa wilaya yake zisizopungua asilimia 1 ya wakazi, yaani kama 166. Mgombea ubunge hapa kwetu anatakiwa kuwa na wadhamini wasiopungua 25, kwa hiyo ujue kuna kutembea. Milango hii miwili inampeleka kwenye kura ya mchujo ya Juni. Wa tatu ni wa mgombea binafsi, ambaye kwa saini anaruka mchujo na kwenda moja kwa moja Novemba.

Angalia vizuri kile cheti. Hakimpi mtu tiketi ya chama, kinamfikisha tu kwenye mchujo. Aliyekataliwa na mkutano anaweza kukusanya saini zake, akaingia mchujo wa chama hichohicho, akamshinda aliyepitishwa na viongozi. Wala hakuna kadi ya uanachama inayoulizwa mlangoni: mpiga kura yeyote anaweza kuchagua safu ya chama anachotaka. Sharti ni abaki kwenye safu hiyo. Akichagua seneta upande wa Republican na wawakilishi upande wa Democratic, kura zake zote za sehemu ya vyama zinaharibika, zinabaki zile za nafasi zisizo na vyama kama majaji. Novemba anaruhusiwa kuchanganya apendavyo, na ndiyo maana mwezi Juni watu wanakosea.

Fomu zinakwenda kwa katibu wa jimbo, mjini Bismarck, na mwisho ni saa 10 jioni ya siku ya 64 kabla ya mchujo. Ziwe zimefika mkononi. Muhuri wa posta haumwokoi mtu. Pamoja nazo lazima liwepo tamko la maslahi, na wapo wanaojisahau hapo, saini zote zipo lakini tamko halipo. Kosa jingine ni saini za watu wa ng'ambo ya mpaka wa wilaya. Mwenye busara hukusanya zaidi ya 200 ili zikikatwa chache abaki salama. Mgombea mwenyewe awe mpiga kura wa wilaya ile, na awe ameishi katika jimbo mwaka mzima.

Ukitaka kuifuatilia siasa ya North Dakota, fuatilia Juni. Baada ya uchaguzi wa 2024, Republican walikuwa na maseneta 42 kati ya 47 na wawakilishi 83 kati ya 94. Katika wilaya nyingi anayeshinda mchujo wa chama hicho amekwishashinda, na anayesubiri Novemba ndipo ajitokeze amekuta meza imeshafutwa.

SWALI: Nilisikia kule marehemu alichaguliwa. Ni kweli? Na kiti kilijazwaje, kwa uchaguzi mdogo?
*Msomaji, Manyoni*

JIBU: Ni kweli. David Andahl wa wilaya ya 8 alifariki tarehe 5 Oktoba 2020. Karatasi zilikuwa zimeshachapwa na kura za posta zimeshaanza kurudi, jina halikuondolewa, naye akawa mmoja wa wawili walioongoza.

Uchaguzi mdogo haukufanyika. Gavana Doug Burgum alimteua mtu wa kujaza kiti, lakini Novemba hiyohiyo Mahakama ya Juu ya jimbo ikamkatalia: kwa sheria, kiti kikiwa wazi kinajazwa na kamati ya wilaya ya chama kilichokuwa nacho. Kamati ikamteua Jeff Delzer, mwenyekiti wa siku nyingi wa kamati ya matumizi ya fedha, ambaye Andahl na mwenzake walikuwa wamemwangusha kwenye mchujo wa Juni. Wapiga kura wanaweza kudai uchaguzi mdogo, lakini ni wao wakusanye saini. Kwa maoni yetu huu ndio udhaifu mkubwa wa utaratibu wao. Watu wa wilaya ya 8 walimkataa Delzer kwa kura, akarudi kwa uamuzi wa kikao.

SWALI: Mimi ni mkulima wa alizeti. Mkulima wa kule ana sauti yoyote, au ni mambo ya wenye fedha tu?
*Mkulima, Kibaigwa*

JIBU: Mkulima mwenzetu wa kule amewahi kushika serikali yote. Miaka ya 1910 kilio chao kilikuwa kile unachokijua kwenye lumbesa: mnunuzi ndiye anayepima. Ngano ilipangiwa daraja la chini, ikauzwa nje ya jimbo kwa bei ya juu, na mikopo ilikuwa mikononi mwa mabenki ya mbali. Mwaka 1915 A. C. Townley alianzisha Nonpartisan League, umoja wa wakulima. Hawakuunda chama kipya. Walipita shamba kwa shamba wakiandikisha wanachama, kisha wakaingiza wagombea wao kwenye mchujo wa Republican, mlango uleule tuliomweleza kijana wa Mlali.

Mwaka 1916 mkulima Lynn Frazier akachaguliwa kuwa gavana. Baada ya uchaguzi wa 1918 wakashika mabaraza yote mawili, na mwaka 1919 bunge likapitisha sheria za kuunda benki ya jimbo na kinu cha nafaka cha jimbo. Kinu kilianza kazi Grand Forks mwaka 1922. Wapiga kura hawakuwapa hundi ya wazi: mwaka 1921 walimwondoa Frazier kabla ya muda wake, gavana wa kwanza Marekani kuondolewa kwa kura. Lakini benki na kinu vipo hadi leo, na bado ni mali ya jimbo.

Haki hiyo ya kumwondoa mtu inawagusa wabunge pia. Zinahitajika saini sawa na asilimia 25 ya waliopiga kura ya ugavana katika wilaya husika.

SWALI: Bunge lao linakaa lini, na uchaguzi ujao ni lini?
*Mwanafunzi, UDOM*

JIBU: Linaanza Januari ya mwaka witiri na linaruhusiwa siku 80 tu katika kipindi cha miaka miwili. Wengi wa wabunge wana kazi nyingine. Tangu marekebisho ya katiba ya 2022, mtu hawezi kukaa zaidi ya miaka minane katika baraza moja, ikihesabiwa kuanzia 2023.

Uchaguzi ni nusu kwa nusu: wilaya zenye namba shufwa huchagua mwaka wa uchaguzi wa rais, kama 2024, na zenye namba witiri miaka miwili baadaye. Mchujo ni Jumanne ya pili ya Juni, uchaguzi mkuu ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Kwa 2026, mwisho wa fomu ni 6 Aprili, mchujo ni 9 Juni na uchaguzi mkuu ni 3 Novemba.