Maswali ya Wasomaji: Seli zimepashwa joto, madoa hayaonekani

SWALI: Tuliweka seli za panya kwenye inkubeta ya nyuzi 42 kwa saa moja, kisha tukatafuta madoa ya HSF1, protini inayoamsha jeni za kukinga seli dhidi ya joto, ndani ya kiini. Hatukuona hata moja. Tumekosea wapi?
Mwanafunzi wa baiolojia, Mabibo, Dar es Salaam

JIBU: Kwanza, badilisheni seli. Madoa hayo hujengeka juu ya DNA inayojirudiarudia iitwayo satelaiti III, ambayo kwa binadamu imerundikana hasa kwenye kromosomu ya 9, jirani na sentromea, kiungo chake. Panya hana DNA hiyo. HSF1 yake huamka na HSP70, protini inayosaidia nyingine zisipoteze umbo, hutengenezwa vizuri tu, ila madoa hayatokei. Tumieni fibroblasti (seli za tishu unganishi) za binadamu, ambazo kwa kawaida huonyesha madoa mawili makubwa, moja kwa kila kromosomu ya 9, au HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara, ambazo huwa na zaidi kwa kuwa kromosomu zake zimezidi.

Pili, inkubeta. Hewa hupasha sahani polepole mno, hivyo sehemu kubwa ya saa yenu imeliwa na kupanda kwa joto. Zungushieni mfuniko parafilimu, utando wa kuziba unaonyumbuka, kisha muiweke sahani ielee kwenye beseni la maji lenye kidhibiti joto, nyuzi 42. Sahani nyingine yenye ujazo uleule wa kimiminika itieni kipimajoto, muielee pamoja nayo, na saa ianze kuhesabiwa kipimajoto kikifika 42. Kwa kuwa kwenye beseni hakuna kabonidayoksaidi ya inkubeta, ongezeni HEPES, kemikali ya kutuliza pH, ili pH isipande.

Mkishatoa sahani, msiiache mezani chini ya kiyoyozi. Mwageni kimiminika na kutia fomaldehaidi ya asilimia 4 papo hapo ili kugandisha seli zilivyo, dakika 15. Seli zikipoa, HSF1 huanza kuondoka kwenye madoa, nanyi mtadhani hayakuwepo. Ikibidi kuchelewa, tafuteni RNA ya satelaiti III au SAFB, protini nyingine ya madoa hayo, maana hizo hukaa humo kwa saa kadhaa. Wekeni pia sahani ya nyuzi 37 ya kulinganisha.

Mkiwa kwenye hadubini, tazameni na nukleolo, kijisehemu kizito ndani ya kiini, ambacho kwa maoni yetu hupuuzwa bila haki. Wakati wa joto HSP70 hukimbilia humo, na protini zilizopoteza umbo huhifadhiwa humo zisigandamane. Joto likishuka hukunjwa upya. Likidumu mno, hukwama.

SWALI: Je, joto la Dar la Februari huzifanyia seli zetu hivyo?
Msomaji, Temeke

JIBU: Kwa kawaida hapana. Jasho huulinda mwili ubaki karibu na nyuzi 37, ingawa unyevu wa pwani huchelewesha kukauka kwake. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, mmwagieni maji, mpepeeni na mumwahishe hospitali.